Historia ya Programu Haihami kwa Kubonyeza Kitufe

Miradi mingi ya programu yenye umri mkubwa imekwisha kuhama mfumo wa kutunza matoleo angalau mara moja. Python ilitoka CVS ikaenda Subversion, mwaka 2011 ikahamia Mercurial, na Februari 2017 ikatua kwenye Git. FreeBSD iliacha CVS mwaka 2008 ikashika Subversion, kisha mwishoni mwa 2020 ikaanza kuiacha Subversion nayo. Emacs imepita RCS, CVS na Bazaar kabla ya kuingia Git Novemba 2014. Kila uhamaji huzua mabishano, na ndani ya mabishano hayo kuna kauli zinazorudiwa hadi watu wanazichukua kuwa ukweli. Wengi wanaozitoa ni watu wema waliochoshwa na mfumo wa zamani, wanataka kazi iishe warudi kuandika programu. Nazipinga hapa kwa sababu hasara yake haionekani siku ya kuhama. Inakuja miaka mitano baadaye, pale mtu ambaye hakuwepo anapouliza mstari huu uliandikwa kwa sababu gani na hapati wa kumjibu.

Tuelewane kwanza kwa maneno mawili. Komiti ni badiliko moja lililohifadhiwa: mafaili yaliyoguswa, jina la aliyeyagusa, tarehe na saa, pamoja na maelezo ya sababu. Historia ya mradi ni mnyororo wa komiti hizo tangu ya kwanza. Kuhamisha historia ni kuuhamisha mnyororo wote, wala si mafaili ya leo peke yake.

"Chukua toleo la mwisho, anza upya. Historia ya zamani hakuna anayeisoma."

Katika kauli zote hii ndiyo yenye madhara makubwa, na kila mara hutetewa kwa mfano wa Linux. Ni kweli kwamba Aprili 2005, baada ya ruhusa ya kutumia mfumo wa BitKeeper bila malipo kuondolewa, Linus Torvalds aliandika Git, na tarehe 16 ya mwezi huo akaingiza toleo 2.6.12-rc2 kama komiti ya kwanza bila chochote nyuma yake. Lakini hebu soma maelezo ya komiti hiyo yenyewe. Torvalds anaeleza kwamba historia ipo, kwamba ikiingizwa ingefika takriban gigabaiti 3.2, na kwamba hazina ya kihistoria inaweza kuundwa baadaye. Git yenyewe ilikuwa na umri wa siku chache tu. Kuitwisha mzigo huo kungeikwamisha mapema. Kwa hiyo aliahirisha, hakutupa. Baadaye Thomas Gleixner aliijenga hazina hiyo kutoka kwenye data ya BitKeeper, ikawekwa kernel.org, na anayeihitaji anaweza kuiunga nyuma ya komiti ya kwanza kwa amri ya `git replace`.

Hata hivyo hasara haikuisha. Watengenezaji wa Linux wana desturi nzuri: anayerekebisha hitilafu huongeza mstari wa kutaja komiti iliyoileta, ili wanaotunza matoleo ya zamani wajue marekebisho yanawahusu au la. Ukipitia historia ya Linux utaukuta mstari huu ukijirudia:

`Fixes: 1da177e4c3f4`

Hiyo 1da177e4c3f4 ndiyo komiti ya kwanza ya Git. Anayeiandika anasema kwamba hitilafu ilikuwepo tayari historia ilipoanza. Ililetwa na nani? Mwaka 1994 au 2003? Ilikuwa sehemu ya badiliko gani, na badiliko hilo lilikuwa linatibu nini? Kwenye hazina ya kawaida hakuna jibu. Kazi ya tangu 1991 imekusanywa kwenye tarehe moja. Kama mradi wenye wataalamu wengi kiasi hicho bado unakwama kwenye ukuta huo, ofisi yako itaukwepa vipi?

Firefox iligonga ukuta wa aina hiyohiyo. Mozilla ilipohamia Mercurial, hazina mpya ilianza na picha ya CVS ya tarehe 22 Machi 2007. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka kujua asili ya mstari wa zamani aliishia tarehe hiyo, kisha akalazimika kwenda kwenye kumbukumbu za CVS na kuanza kutafuta upya. Historia ya CVS ilikuja kuungwa baadaye kwenye nakala ya Git. Kazi iliyorukwa ilifanyika hatimaye, na mikono mingine ndiyo iliyoibeba.

Na hilo la "hakuna anayeisoma" si kweli hata kidogo. Historia haisomwi kama riwaya, kutoka ukurasa wa kwanza. Inasomwa na `git blame`, ambayo kwa kila mstari inakuonyesha komiti iliyouleta. Inasomwa na `git bisect`, ambayo hukata historia katikati tena na tena hadi ikufikishe kwenye komiti iliyovunja kitu: katika komiti 1,000 unajaribu mara kumi hivi, basi. Ukianza upya na picha moja, `bisect` haina pa kukata, na `blame` inamtaja mtu mmoja kwa kila mstari, yaani yule aliyefanya uhamisho, ambaye pengine hajawahi kuandika hata mmoja kati ya hiyo. Halafu kuna haki. Historia ndiyo kumbukumbu ya nani alichangia nini. Siku mradi ukitaka kubadili leseni, au likizuka swali la hakimiliki, hiyo ndiyo itakayofunguliwa.

"Kuna programu ya kufanya kazi hiyo. Unabonyeza, unasubiri, basi."

Programu zipo, tena zimeandikwa kwa ustadi mkubwa. Kosa ni kudhani kwamba kule zinakotoa kuna historia iliyo tayari kubebwa.

Chukua CVS. Mfumo huu haujui komiti kwa maana niliyoieleza. Kila faili lina faili lake la kumbukumbu kwenye seva, lenye jina linaloishia na `,v`, na kila moja lina hesabu yake: 1.1, 1.2, 1.3. Ukibadilisha mafaili kumi kwa amri moja, CVS inaandika rekodi kumi zisizojuana. Ni kama duka lenye daftari la kila mteja lakini lisilo na daftari la siku: ukitaka kujua asubuhi ya Jumatatu kulikuwa na mauzo gani, inabidi ufungue madaftari yote na kulinganisha saa. Ndivyo inavyofanya cvs2git, programu ya kuhamisha historia ya CVS kwenda Git. Inakusanya rekodi zenye mwandishi mmoja, maelezo yaleyale na saa zinazokaribiana, kisha inaziita komiti moja. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi, lakini inabaki kuwa dhana. Saa ya seva ikirudishwa nyuma, au mtu akishinda siku nzima akiandika "marekebisho" kwenye kila badiliko, programu hugawanya kisichogawanyika na kuunganisha visivyohusiana. Tena CVS haikuwa na njia ya kubadili jina la faili, hivyo wasimamizi wa miradi, FreeBSD wakiwemo, walikuwa wakinakili faili la `,v` kwa mkono hukohuko kwenye seva. Lebo za zamani zisipofutwa kwenye nakala, ukichukua toleo la miaka ya nyuma unalikuta faili mahali ambapo siku ile halikuwepo.

Subversion ilitibu mengi kati ya hayo. Badiliko zima lina namba moja, na namba inapanda kwa hazina yote. Lakini kwa Subversion tawi ni folda iliyonakiliwa tu. Mpangilio wa `trunk`, `branches` na `tags` ni mazoea, mfumo haulazimishi chochote. Mtu anaweza kukomiti ndani ya `tags`, akabadilisha toleo lililokwisha kukabidhiwa kwa wateja. Anaweza kugusa matawi mawili kwa komiti moja. Anaweza kunakili folda isiyo yenyewe, akaifuta, akanakili tena, na yote hayo yamo kwenye historia. Git haina pa kuyaweka. Lazima mtu aamue kila moja lisomeke vipi upande wa pili. Tena kabla ya Subversion 1.5 ya Juni 2008, mfumo haukuandika popote kwamba tawi hili limeunganishwa na lile. Ukiona muungano wa matawi wa mwaka 2006 ndani ya historia iliyohamishwa, ujue kuna mtu au programu iliyoukisia kwa kusoma maelezo.

Tazama pia suala la majina, ambalo watu hulidharau. Subversion inahifadhi jina la kuingilia peke yake, tuseme `juma`. Git inataka jina kamili na barua pepe. Kabla ya kuhamisha unaandaa faili la maandishi lenye mstari mmoja kwa kila mtu:

`juma = Juma Fulani <juma@example.org>`

Usipoipa `git svn`, amri ya kuleta historia ya Subversion ndani ya Git, orodha hiyo, hutunga anwani yenyewe: inachukua `juma`, inaweka alama ya `@`, inabandika kitambulisho cha hazina, yaani mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi usiomaanisha chochote kwa binadamu. Na kuiandaa orodha si kazi ya kompyuta. Je, `juma` wa 2009 na `jfulani` wa 2013 ni mtu mmoja? Akaunti ya `admin` waliichangia wangapi? Zile komiti za `root` za saa nane usiku ni za nani? Wenye majibu ni wakongwe wa mradi, na baadhi yao wameshaondoka. Nawasihi wanaopanga kuhama waanzie hapa, wakati bado kuna wa kuulizwa.

Mradi wa GCC, familia ya vikusanyaji inayotafsiri sehemu kubwa ya programu huria duniani, ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 270,000 kwenye Subversion. Eric S. Raymond, mwandishi wa programu ya uhamisho iitwayo reposurgeon, aliishia kuiandika upya programu hiyo kutoka Python hadi Go, kwa kuwa ya kwanza ililemewa na hazina ya ukubwa ule. Uhamisho ulifanyika wikendi ya tarehe 11 na 12 Januari 2020, baada ya miaka ya maandalizi. Perl ilihamia Git Desemba 2008 kutoka Perforce. Sam Vilain alitumia muda wake wa ziada kwa zaidi ya mwaka mzima, akaijenga upya historia inayoanzia Perl 1 ya Desemba 1987, mengine akiyaokota kwenye vifurushi na viraka vya zamani. Hao ni mafundi wa hali ya juu. Kama kazi ingekuwa ya kubonyeza, wangebonyeza.

"Git hukagua kila kitu kwa heshi, kwa hiyo historia iliyoingia ni sahihi."

Kauli hii inatolewa na watu wanaoijua Git vizuri, na ndiyo maana inapotosha. Heshi ni alama ya herufi na tarakimu 40 inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo ya komiti pamoja na alama ya komiti iliyotangulia. Ukibadilisha nukta moja kwenye komiti ya mwaka 2004, heshi ya komiti hiyo na za zote zilizoifuata zinabadilika. Kinga hiyo ni ya kweli na ina thamani kubwa. Lakini kinachokingwa ni kile kilichoingia. Kama cvs2git ilikosea ikaweka faili kwenye tawi lisilo lake, Git italilinda kosa hilo kwa uaminifu uleule. Heshi inakuhakikishia kwamba hakuna aliyegusa historia tangu ihamishwe. Haijui chochote kuhusu safari yenyewe.

Uhakika wa safari unapatikana kwa njia moja, nayo ni kulinganisha. Kwa kila lebo ya toleo, chukua mafaili kutoka mfumo wa zamani, chukua yaleyale kutoka mfumo mpya, weka folda mbili ubavu kwa ubavu, endesha `diff -r`, kisha eleza kila tofauti. Neno muhimu hapo ni "kila". Nyingine hazina ubaya: mahali palipoandikwa `$Id$`, CVS hujaza jina la faili, namba ya toleo, tarehe na mwandishi, ilhali Git haijazi. Miisho ya mistari inaweza kutofautiana kati ya Windows na Unix. Folda tupu hazitaonekana, maana Git haihifadhi folda tupu. Ukishaziondoa hizo, kinachobaki ndicho kosa la kweli, na mara nyingi kipo.

PostgreSQL walilifanya hili kama inavyotakiwa. Walipanga kuondoka CVS Agosti 2010. Matokeo yalipokaguliwa zikaonekana komiti zisizoeleweka kwenye matawi, komiti ambazo hakuna aliyeziandika, zilizozaliwa na ubadilishaji wenyewe. Wakasimama. Walirudi kwenye CVS, wakatafuta chanzo, wakalinganisha tena, na ndipo Septemba wakahama. Mradi wa hifadhidata unaoaminiwa na mabenki ulikubali kuchelewa mwezi mzima ili historia isomeke kama ilivyokuwa. Nauheshimu sana uamuzi huo, hasa nikikumbuka jinsi ilivyo vigumu kusema "bado" wakati kila mtu amekwisha kutangaziwa tarehe.

GCC walikuwa na bahati ya namna nyingine: kulikuwa na matokeo mawili kwa njia mbili tofauti, moja la reposurgeon na jingine la skripti zilizojengwa juu ya `git svn`. Yalipowekwa pamoja, kila moja lilifichua makosa ya mwenzake. Kama una muda wa kujaribu zana mbili, zijaribu zote, hata kama unajua ni ipi utakayoitumia mwisho.

"Kila kitu kitakuja kama kilivyo."

Hapana. Vipo visivyokuja hata ukifanya kazi kwa uangalifu wa hali ya juu, na ni afadhali watu waambiwe mapema. Subversion na Mercurial huandika kwamba faili limebadilishwa jina; Git haiandiki, inakisia baadaye kwa kulinganisha yaliyomo, na kwa kawaida huhitaji yafanane kwa asilimia 50 au zaidi. Kwenye Mercurial jina la tawi linaweza kuchapwa ndani ya komiti yenyewe likabaki milele. Kwenye Git tawi ni kielekezi tu, ukikifuta hakuna alama inayobaki.

Kinachouma zaidi ni namba. Watu wamezoea kusema "ilivunjika kwenye r4512". Namba hiyo imo kwenye maelezo ya komiti nyingine, kwenye orodha ya hitilafu, kwenye barua pepe, kwenye maoni yaliyo ndani ya msimbo wenyewe. Siku ya kuhama zote hizo zinageuka kuwa anwani za nyumba iliyobomolewa. Tiba yake ni rahisi, ila ifanyike siku hiyohiyo. GCC waliacha chini ya kila komiti ya zamani mstari wa `From-SVN:` wenye namba ya awali. LLVM, waliohama Oktoba 2019, waliandika `llvm-svn:`. Python, walipoingia Mercurial, waliweka ukurasa wa kutafutia: unaupa namba ya Subversion, unakupeleka kwenye badiliko lake. Emacs walikwenda mbali zaidi. Mwongozo wao wa wachangiaji unataja njia ya kutambulisha komiti kwa tarehe na saa yake pamoja na barua pepe ya aliyeikomiti, utambulisho usiotegemea mfumo wowote, ambao utaeleweka hata siku Git nayo itakapoachwa.

Angalia vilevile alama ya `#`. Kwenye GitHub, `#312` ndani ya maelezo hugeuka kuwa kiungo cha tatizo namba 312 la hapohapo. Kama maelezo yako ya miaka kumi yalitumia alama hiyo kwa orodha nyingine ya hitilafu, msomaji atapelekwa kwenye jambo lisilohusika kabisa, na hatajua kwamba amepotezwa.

"Tukiwa njiani, tuisafishe."

Hapa nakubali nusu. Kuna usafi unaoisaidia historia kusomeka. Maelezo yaliyoandikwa kwa usimbaji wa zamani wa herufi yageuzwe kuwa UTF-8, majina ya watu yasiharibike. Majina ya kuingilia yawe majina kamili. GCC walifanya zaidi: komiti zao nyingi zilianza kwa mistari ya ChangeLog isiyoeleza kitu kwa mtu anayepitia orodha, hivyo Richard Earnshaw aliandika skripti iliyochukua vichwa vya habari kutoka kwenye orodha ya hitilafu na kuviweka kwenye mstari wa kwanza. Hakuna ushahidi uliofutwa. Kilichokuwepo kimewekewa mlango.

Kubana komiti 300 ziwe 20 "zenye mpangilio" ni jambo jingine. Ukifanya hivyo, `bisect` itakufikisha kwenye komiti yenye mistari elfu nane, na utakuwa palepale ulipoanzia. Kufuta matawi yaliyoshindwa nako ni hasara, kwa sababu jaribio lililoshindwa ndilo linalomwokoa anayetaka kulirudia. Na anayetaka kuondoa komiti za aibu, zile za "nimekosea tena", ajue kwamba ndani ya mfululizo huo wa kukosea na kurekebisha ndimo yalimo maarifa ya sehemu ngumu ya programu.

Nywila zilizokomitiwa kwa bahati mbaya zinahitaji neno lake. Ni kweli `git filter-repo` inaweza kuziondoa kwenye historia mpya. Lakini nywila iliyokaa kwenye seva kwa miaka, ikanakiliwa kwenye kompyuta za watu, imekwisha kutoka mikononi mwako. Ibadilishe kwanza ili ya zamani isifungue kitu chochote. Kuifuta kwenye historia kunafuata baadaye, kama kuna haja. Nimeona watu wakifanya la pili wakadhani wamemaliza la kwanza.

Mafaili makubwa nayo yaangaliwe moja moja. Video ya maonyesho iliyoingizwa kimakosa inaweza kwenda. Maktaba iliyokusanywa, ambayo toleo la 2012 haliwezi kujengwa bila hiyo, ikiondolewa inaiua lebo ya toleo hilo.

Kuhusu mfumo wa zamani kuna kauli mbili zinazopingana na zote hazifai. Wengine husema uzimwe siku hiyohiyo, watu wasirudi nyuma. Wengine husema mifumo miwili iendeshwe sambamba kwa miezi, kila mtu akomiti anapopenda. Hili la pili ni hatari: nakala inayofuata upande mmoja haina shida, lakini pande zote mbili zikipokea komiti, siku moja zitagusa mstari mmoja kwa wakati mmoja na hakutakuwa na historia moja tena. Njia bora ni kufunga uandishi kwenye mfumo wa zamani na kuuacha ukisomeka. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba nakala za majaribio huwa na heshi zake. FreeBSD walikuwa na nakala ya Git kwenye GitHub kwa miaka kabla ya uhamisho rasmi. Ubadilishaji uliporekebishwa, heshi za hazina rasmi zikawa tofauti na zile zilizokwisha kuzoeleka. Kwa hiyo usitangaze heshi yoyote hadi umalize kulinganisha.

"Hayo ni ya miradi mikubwa. Sisi ni watu wanne."

Hii naisikia mara nyingi kwetu, kwenye ofisi ndogo za Nairobi na Dar es Salaam ambako msimbo ulianza kwenye Subversion ya kompyuta moja chini ya meza. Hoja inasimama kichwa chini. Mradi mkubwa ukipoteza historia bado una orodha za barua pepe, miongozo, na mamia ya watu wanaokumbuka. Timu ya watu wanne ina vichwa vinne. Wawili wakipata kazi kwingine, maelezo ya komiti ndiyo pekee yanayobaki ya mazungumzo yao.

Na mradi mdogo unaweza kukua usivyotarajiwa. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na Chuo Kikuu cha Moi, ukaanza kutumika Eldoret mwaka 2006, kisha ukasambaa Rwanda na nchi nyingine nyingi. Nao ulikaa kwenye Subversion kabla ya kuhamia Git. Programu inayoshika rekodi za dawa na vipimo vya watu ndiyo hasa inayohitaji mtu wa leo aweze kuuliza: kanuni hii iliingia lini, aliiweka nani, kwa ombi la kliniki gani?

Tena kwa mradi mdogo kazi yenyewe ni nafuu. Komiti mia chache zinabadilishwa kwa dakika. Unaweza kujaribu, kulinganisha, kufuta na kujaribu tena mara nyingi ndani ya siku moja. Orodha ya majina ina mistari minne au sita. Lebo ni chache kiasi kwamba `diff -r` ya zote inasomeka kwa jicho. Toa nakala kamili ya hazina nzima kwa amri ya `svnadmin dump` kabla hujagusa kitu, bana faili hilo, kokotoa heshi yake, liweke mahali pawili tofauti. Orodha ya majina, skripti ulizotumia, na jedwali linalooanisha kila namba ya r na heshi yake mpya, viingize ndani ya hazina mpya kwenye folda yake, kama komiti ya kwanza baada ya uhamisho. Maelezo ya komiti hiyo yaseme zana gani ilitumika, toleo lake, tofauti zipi zilionekana kwenye kulinganisha na kwa nini zilikubaliwa, na nakala ya hazina ya zamani iko wapi.